Naomba ushauri: kulinda figo za mtoto mwenye ugonjwa wa Alport

Ndugu zangu, assalaam aleikum. Mwanangu wa miaka 12, ninayeishi naye hapa Ngamiani, Tanga, amegundulika kuwa na ugonjwa wa Alport, ule wa kurithi unaoharibu vichujio vya figo na mara nyingi usikivu pia. Mjomba wake naye alianza kwa damu kwenye mkojo, nasi, kama watu wengi wa pwani, tukadhani ni kichocho. Kwa kuwa protini imeanza kupita kwenye mkojo, daktari amemwanzishia enalaprili, dawa ya presha inayolinda pia figo lakini huweza kupandisha potasiamu (madini) kwenye damu, na kumkataza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo. Naomba mwenye uzoefu anieleze: potasiamu na kreatinini (uchafu wa damu unaoonyesha figo zinavyofanya kazi) mnampima mtoto kila baada ya muda gani, na akiharisha au kutapika, dawa mnaisitisha kwanza? Na madafu, ambayo hapa kwetu hayakosekani na yana potasiamu nyingi, je, nimzuie kabisa?