Mrejesho: kano ya kisigino iliyokataa kupona

Habari zenu wakuu. Miezi minne iliyopita niliuliza kwa nini kano ya kisigino (ule utepe mgumu unaounganisha msuli wa mguu na mfupa wa kisigino) inaniuma kila asubuhi ilhali nilikuwa nimepumzika wiki 6 bila kukimbia. Asanteni sana mlionihimiza nimwone mtaalamu wa mazoezi tiba.

Kosa langu lilikuwa kudhani kupumzika ndiyo dawa. Mtaalamu alinieleza kwamba msuli una damu nyingi. Ukichanika kidogo, seli zilizolala pembezoni mwa nyuzi zake huamka na kuziba palipoumia. Mfupa nao una seli za kubomoa na seli za kujenga, kwa hiyo ukivunjika mara nyingi huunga ndani ya wiki 6 hadi 12. Kano ni habari nyingine kabisa. Damu yake haba, seli zake chache, na nyuzi zake za kolajeni (protini inayoipa kano uimara) zinahitaji kuvutwa ndipo zijipange vizuri. Ukiiacha ikae tu, inazidi kudhoofika. Hapo ndipo nilipoelewa zile wiki 6 zangu.

Nikaanza kuinua visigino polepole, sekunde 3 kupanda na 3 kushuka, siku moja nafanya, moja naacha. Maumivu kidogo aliyaruhusu, mradi asubuhi inayofuata yasiwe yamezidi. Wiki 7 za kwanza nilikata tamaa mara kadhaa, sikuona lolote. Ya 8 ndiyo ikaleta tofauti.

Sasa niko wiki ya 14. Nashuka ngazi asubuhi bila kushika ukuta, na juzi nimekimbia dakika 10.