Tupeane uzoefu: msuli (kukesha ukisoma), makambi ya masomo na wastani wa shule vilikufanya nini wewe au mwanao?

Wakuu, habari za jioni.

Jana saa mbili usiku binti yangu wa darasa la nne alisinzia mezani, kijiko mkononi. Gari la shule humpitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, anarudi jioni baada ya rimidio, yaani masomo ya ziada, na bado ana maswali hamsini ya hisabati ya kukabidhi kesho yake. Ana miaka tisa. Nilipomgusa aende kulala alishtuka: "Nimemaliza, usinipige!" Mimi mtoto huyu sijawahi kumpiga. Neno hilo nimeshinda nalo kutwa nzima.

Mwenye lake aseme. Matusi pembeni.

Mzee wa Ziro
Mimi ni wa kidato cha nne 2012. Wa umri wangu mnajua. Shule ya kata, fizikia tulifundishwa na kaka aliyemaliza form six akisubiri chuo. Msingi tumesoma Kiswahili, form one kila kitu Kiingereza, kwa hiyo tukawa tunameza. Osmosisi niliikariri neno kwa neno mpaka nukta, na sikujua inahusu nini.

Mkeka wa matokeo ukatoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini division ziro, yaani wamefeli, na mimi nimo. Baba hakunisemesha wiki tatu. Mei matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, nikapata division four, daraja la chini kabisa la kufaulu. Nikakimbia kumwambia. Akajibu, "Kumbe hata serikali imekuonea huruma." Leo nina gereji na vijana wanne, lakini kauli ile haijanitoka.

Chaki Nyeupe
Mimi ni mwalimu, naomba mnisikilize kabla hamjanirukia. Kila matokeo yakitoka tunaitwa kikao, shule za mwisho zinasimamishwa mbele ya wenzao. Mkuu anarudi na hasira, anazimwaga kwetu, sisi tunazimwaga kwa watoto. Nilikuwa na utaratibu wangu: lengo alama 70, kila kumi zilizopungua fimbo moja. Kuna mtoto alipata 38. Alikuja mbele mwenyewe, ameshahesabu, akasema "tatu, mwalimu". Siku ile ndiyo niliacha.

NECTA, Baraza la Mitihani, iliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora tangu Januari 2023. Nilishangilia. Sasa shule binafsi zinajitangaza zenyewe, picha za watoto kwenye mabango barabarani kama wagombea ubunge.

Dr Hewa
Huyo binti anasoma au anatumikia kifungo? 😂

Mama Pacha
Wangu alikuwa na wastani wa 62, shule inataka 65. Niliitwa ofisini, nikapewa chai kabisa, nikaambiwa "mhamishe kimya kimya, tusiharibiane". Akibaki atawachafulia matokeo. Ada waliipokea miaka mitano bila kuchafuka. Nikampeleka shule ya serikali, darasa lina watoto 90, sisemi ni peponi. Ila kucha zake zimeota tena, maana alikuwa anazitafuna mpaka damu.

Mtoto wa Kasulu
Mnalea mayai. Mimi nilisoma kwa kibatari, nikachapwa, na mtihani ndio ulionitoa kijijini. Mtoto wa mkulima hana mjomba wizarani, ana namba ya mtihani tu. Ukiupunguza mtihani, nafasi zitagawanywa kwa kujuana. Mtanikumbuka.

Chaki Nyeupe
Mkuu wa Kasulu, hapo una hoja na sina jibu rahisi. Ila nani kasema mtihani ufutwe? Fimbo na kukesha vitoke. Tena 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja kwa ajili ya mtaala mpya. Hayo makambi yatakayofunguliwa mwaka huo, mtayaona.

Beseni la Maji
Jina langu linajieleza. Form six, PCB (fizikia, kemia, baiolojia), bweni la wasichana. Saa nane usiku tunaingiza miguu kwenye beseni la maji ya baridi ili tusisinzie, beseni moja watu watatu. Kemia ya kwanza mkono ulikataa kushika kalamu, nikaandika kwa kushikilia kifundo kwa mkono wa kushoto. Nilipata division two ya mwanzo, watu wakasherehekea. Mimi leo ni muuguzi, nina miaka 34, na saa nane usiku naamka mwenyewe bila alamu. Mume wangu alishazoea.

Mleta mada
Nimesoma zote, asanteni. Mrejesho wa wiki: nilikwenda shuleni kumtoa rimidio. Mwalimu wa taaluma akasema sawa, lakini niandike barua kwamba matokeo yake yakishuka shule haihusiki. Nimeandika, nikasaini, wameiweka kwenye faili lake.

Leo karudi saa tisa kasoro. Ameingia na sare kitandani, mpaka magharibi hajaamka.