Ushauri: Nigaweje chumba kimoja bila kugusa ukuta? Mama mkwe anakuja

Mpangaji Tabata
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo, muda umenibana.

Nimepanga chumba kimoja Tabata, futi 12 kwa 14. Mlango uko upande mmoja, kwenye kona ya kushoto unapoingia. Dirisha ni moja tu, ukuta wa mbele yako. Choo ni cha nje, tunashirikiana na wapangaji wengine. Mke wangu anajifungua mwezi ujao na mama yake anatoka Korogwe kuja kumlea mzazi mpaka arobaini iishe. Kumpeleka mke kwao haiwezekani, kliniki yake iko huku.

Mkataba unasema marufuku kupiga msumari, marufuku kutoboa. Dari ni jipsamu, halibebi kitu. Chini vigae. Na mwenye nyumba tunaishi naye geti moja, akisikia nyundo tu ameshafika mlangoni. Nina laki mbili na nusu. Nimewaza plaiwudi, au kusogeza kabati katikati ili mama apate kona yake pale karibu na mlango. Siku akiondoka, na kigawanyo kiondoke. Karibuni.

Kijiwe Hakilali
Mkuu, laki mbili na nusu hiyo mpe mshikaji wako mwenye chumba, ukalale kwake mpaka arobaini. Hakuna pazia linalozuia mkoromo.

Mtu wa Handeni
Anatania lakini kuna ukweli. Mimi ni wa huko huko. Mama mkwe wa kwetu hata ukimjengea ukuta wa tofali hatapata usingizi akijua mkwewe amelala upande wa pili. Muulize kwanza mkeo mama yake atalichukuliaje. Usije ukatengeneza kitu kizuri halafu yeye akaomba kulala kwa jirani.

Mama Wawili
Shemeji, kabla ya plaiwudi, umepanga watu vibaya. Unataka kumweka mama peke yake mlangoni, wewe ubaki na mkeo dirishani. Mama anakuja kwa ajili ya nani? Mtoto akilia saa nane usiku, anayeamka kumpokea ni yeye, na wewe utakuwa umelala hapo hapo kitandani. Atakaa wapi?

Geuza. Mama, mkeo na mtoto wawe upande wa dirisha, wenye hewa. Wa kuzibiwa pazia ni wewe. Godoro la futi mbili na nusu linakutosha.

Na jiko litoke humo ndani. Kutakuwa na uji na maji ya moto kila saa, na mapazia mengi ya dukani ni ya poliesta au nailoni, yakiguswa na moto yanayeyuka huku yanawaka. Omba nafasi kwenye korido.

Fundi Keko
Dada kamaliza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki hii hapa.

Plaiwudi achana nayo. Shiti ni futi 8 kwa 4, ni nzito, haisimami bila kufungwa ukutani au darini, na ikisimama inaziba upepo wa dirisha lako moja. Kwa joto la Dar mtatoka wote mkalale nje.

Nenda kwa fundi wa kuchomelea, akutengenezee fremu tatu za skwea paipu ya inchi moja: mbili za upana wa futi mbili na nusu, moja ya futi tatu. Aziunganishe kwa bawaba. Kitambaa kivutwe kwenye fremu, kiishie nusu futi juu ya sakafu ili hewa ipite chini. Miguuni akate vipande vya ndala kuukuu, vigae visikwaruzwe.

Kabati liegemee ukuta wa kulia, milango itazame upande wa mkeo. Fremu ya kwanza uifunge kwa kamba nyuma ya kabati, vinashikana.

Mpangaji Tabata
Dada Mama Wawili, asante, mke kasoma akacheka sana, kasema yuko upande wako. Ila kuna jambo. Nikilala mlangoni na choo kiko nje, mama akitoka usiku si atanipita nimelala? Hilo nalo ni fedheha.

Fundi Keko
Ndiyo maana nimesema fremu tatu. Kabati kama ni la futi nne, jumlisha fremu mbili za kwanza, ni futi tisa. Zimebaki tatu kushoto, zimelingana na mlango wako. Hiyo ndiyo njia yake. Fremu ya tatu ikunje kuelekea ukuta wa mlango, ikae kati ya njia na godoro lako. Anapita, hakuoni. Na ile kona ndiyo inayofanya kitu chote kisimame bila msumari. Kwenye uwazi kati ya njia na kitanda cha wanawake, laza fimbo ya pazia kutoka kwenye fremu.

Msoma Mikataba
Kitu kinachosimama chenyewe na kuondoka na mpangaji ni samani. Lakini kipige picha umtumie mwenye nyumba kwa meseji kabla mgeni hajafika, na mtaje mgeni na muda atakaokaa. Wengi hawakasirishwi na pazia, wanakasirishwa na mtu wa ziada kwenye bili ya maji.

Mpangaji Tabata
Nimeelewa. Kabati nimelipima, futi nne kasoro kidogo. Fundi, urefu wa fremu? Dari ni futi tisa. Na chandarua nitafunga wapi?

Fundi Keko
Futi saba, usizidishe, hewa ipite juu. Mwambie achomelee vipete viwili juu kwa upande wako, kamba za chandarua zifungwe hapo, nyingine mbili kwenye nondo za dirisha... samahani, dirisha haliko kwako. Basi hizo mbili zifunge juu ya kabati.

Mama Wawili
Cha kina mama na mtoto nunua kile cha kukunja chenye fremu yake, hakihitaji kufungwa popote. Na rangi ya kitambaa mwachie mkeo achague.