Tupeane uzoefu: kulisha familia vizuri Kigoma hela ikiwa ndogo

Mama wa Mwanga
Habari zenu ndugu. Nyumbani tuko saba, hela ya matumizi ni ya kubana, na bado nataka watoto wale chakula chenye maana. Ninachokizingatia ni wakati wa kununua. Dagaa nafuata mwaloni Kibirizi wakati wa giza. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, taa za wavuvi hazivuti dagaa, wanaadimika na bei inapanda. Kwa hiyo nabeba wakavu sado nzima, nawaanika tena juani, nawafunga pasipoingia unyevu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, akiba hiyo ndiyo ilitubeba. Dagaa unamla na mifupa yake, mtoto anapata protini na madini ya mifupa kwa pamoja. Inaniuma sana kuona mtu anauza wote, wanawe wanakula ugali na mlenda mtupu. Wenzangu mnafanyaje?

Baba Watatu, Ujiji
Dada, kweli kabisa. Mimi naongezea mawese. Ule wekundu wake ndio unaoupa mwili vitamini A. Tatizo watu wanayachoma mpaka yanakuwa meupe ndipo watie kitunguu, faida yote imeshaungua! Kwangu yanapata moto kidogo tu, au nayatia kwenye maharage yakishaiva. Maharage yenyewe tunaloweka usiku kucha, asubuhi tunamwaga yale maji. Yanaiva upesi, mkaa unabaki.

Bibi wa Kasulu
Wanangu, sombe, yaani kisamvu, mmeiacha wapi? Itwangeni vizuri, ichemke sana, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu. Halafu karanga za kutwanga na mawese kidogo. Mboga hiyo na ugali wa muhogo, mtoto anashiba kweli.

Mnyamwezi wa Tabora
Shikamoo bibi. Huku kwetu ziwa hatuna, tunakausha. Masika majani ya kunde yamejaa, tunayachemsha na kuyaanika, ndiyo nsansa. Kiangazi mchicha ukipanda bei sisi tunapika nsansa kwa karanga. Viazi vitamu navyo tunavichemsha, tunakata, tunaanika, tunapata matobolwa. Watoto wangu wanakunywa nayo chai, maandazi ya kununua hawayaulizii.

Mpangaji, Gungu
Mimi nimepanga chumba kimoja, shamba sina. Mwanangu kapita mwaka mmoja na dagaa hawezi kutafuna. Nifanyeje?

Mama wa Mwanga
Mdogo wangu, chagua dagaa wasafi, toa vichwa, osha mchanga utoke wote. Wakikauka wakaange bila mafuta mpaka wavunjike mkononi, twanga, chekecha. Unga huo tia kijiko kimoja kwenye uji ukiwa bado jikoni, uchemke nao, na mawese matone machache. Chumvi usiweke. Tengeneza kidogo kidogo, wa wiki moja unatosha. Na matembele panda kwenye gunia la udongo hapo mlangoni, mwombe tu mwenye nyumba.

Mpangaji, Gungu
Asante dada. Mbegu ya matembele naipata wapi?

Baba Watatu, Ujiji
Hainunuliwi. Omba vipande vya marando kwa jirani yeyote aliyepanda.