Kitelugu kimetoka wapi na herufi zake za mviringo? Wajuzi naomba msaada

Msafiri_wa_Tanga: Wakuu, habari zenu. Nipo Hyderabad, India, kimasomo. Vibao vya mabasi vingi vimeandikwa Kitelugu, mimi naokolewa na namba tu. Kihindi angalau kina ule mstari wa juu ambao herufi zinaning'inia. Hiki ni mviringo juu ya mviringo. Mwenzangu aliyetoka Bengaluru anadai kinafanana sana na Kikannada, lugha ya kwao. Je, Kitelugu kimezaliwa na Kihindi? Na herufi hizi zilianzia wapi?

Kibwana88: Hapana mkuu. Kitelugu ni lugha ya Kidravidi, ndugu zake ni Kitamil, Kikannada na Kimalayalam. Kihindi ni ukoo mwingine kabisa. Zilizochangia babu ni herufi, na babu huyo ni Brahmi, hati ya kale ya India.

Mama_Zawadi: Kibwana88 amesema kweli, ila ngoja niongeze, maana jambo hili nalipenda mno. Nilisomea famasia Visakhapatnam, na jirani yangu mwalimu wa watoto wadogo ndiye aliyenikalisha chini na daftari.

Kwanza tenganisha lugha na hati, yaani mfumo wa herufi. Kiswahili ni Kibantu, wazee wa Lamu na Mombasa wakaandika tenzi kwa herufi za Kiarabu, leo tunatumia za Kilatini, na lugha ni ileile. Kwa hiyo usiutafute ukoo wa Kitelugu kwenye herufi zake.

Brahmi ndiyo hati ya amri nyingi ambazo mfalme Ashoka alizichongesha kwenye miamba karne ya 3 KK. Mojawapo ipo Erragudi, wilaya ya Kurnool, jimbo la Andhra Pradesh wanakozungumza Kitelugu. Halafu kuna Bhattiprolu, kwenye delta ya mto Krishna. Mwaka 1892 Alexander Rea alifukua pale vyombo vya kuhifadhia masalia ya Kibuddha, vimechongwa Brahmi ya mtindo wa peke yake. Watu wengi hupaita pale chimbuko la Kitelugu, nami napinga wanaposema hivyo bila kufafanua, kwa sababu maneno yaliyoandikwa ni Kiprakriti, lugha nyingine ya kale ya India, si Kitelugu. Ukitaka Kitelugu chenyewe kwenye jiwe, nenda kwenye maandishi ya Kalamalla, wilaya ya Kadapa, ya watawala wa Renati Choda, mwaka 575 BK hivi.

Mwenzako wa Bengaluru yuko sawa. Kitelugu na Kikannada viliandikwa kwa hati moja kwa karne nyingi, zikaja kuachana taratibu.

Sasa mviringo. Vitabu vya zamani viliandikwa kwenye majani ya mti wa jamii moja na mvumo wetu. Mwandishi alikwaruza kwa kalamu ya chuma yenye ncha, kisha akapaka masizi yakaingia kwenye mikwaruzo. Jani lile lina nyuzi zinazokwenda kwa urefu, ukipiga mstari mrefu ulionyooka linachanika. Ndivyo wengi wanavyoueleza mviringo, na mtu akilishika jani lenyewe haoni sababu ya kubisha.

Msafiri_wa_Tanga: Asante sana dada, nimekuelewa. Nikitaka kujifunza kusoma nianzie wapi?

Mama_Zawadi: Tafuta kitabu cha darasa la kwanza, fungua ukurasa wa *gunintam*. Ni sawasawa na ba, be, bi, bo, bu tulizoimba shuleni, maana herufi moja hubeba silabi nzima. Chukua క, yaani "ka". Ile alama ya vema iliyo juu huitwa *talakattu*. Ukitaka "ki", vema inaondoka na mkunjo unakaa mahali pake: కి. Ukitaka "ku", vema inabaki, unaongeza mkia kulia: కు. Kikannada nacho kina alama hiyo ya juu, ila yao imelala kama mstari, na hapo ndipo macho yangu yalipoanza kuzitofautisha hati hizi mbili.

Konsonanti zikikutana, ya pili hushuka chini. Angalia అమ్మ, "amma", yaani mama: m ya pili imejibana chini ya ile ya kwanza. Hapo ndipo wageni wengi wanapokwama, kwa hiyo andika kwa mkono kwanza. Kwenye simu ile herufi ya chini inajipanga yenyewe na kidole hakijifunzi chochote.

Kibwana88: Na ukinunua daftari, chukua lenye mistari iliyoachana, la sivyo hizo herufi za chini zitagongana na mstari unaofuata.