Vinyama vya kinywani kwa mbwa vinarudi kila vikikatwa: je, nikubali akatwe tena?

Mkazi wa Nkuhungu

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina mbwa dume wa kienyeji mwenye umri wa miaka saba hivi, anayelinda nyumba yetu hapa Nkuhungu, Dodoma. Mwaka jana kinyama chekundu kilichomoza kwenye ufizi wa chini, nyuma kidogo ya jino la chonge la kushoto. Mtaalamu wa mifugo alikikata na jeraha likapona vizuri, lakini baada ya miezi michache kilirudi palepale kikiwa kipana zaidi, na kilipokatwa tena, mambo yakawa yaleyale. Sasa vipo viwili vilivyoungana kwenye shina, na jino la jirani linacheza. Hamu ya chakula anayo, ila hutafunia upande mmoja, huangusha tonge, na maji ya bakuli lake hubaki na utelezi wa mate yenye damu. Jirani mmoja ananishauri nimpake magadi, mwingine nimpe diklofenaki ya kupunguza maumivu. Ninaomba kujua kwa nini vinarudi, na kama kuna faida ya kukata kwa mara ya tatu.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Ndugu, kabla ya kukubali kisu kingine, muulize aliyekata: vile vipande vilipelekwa wapi? Kama havikupimwa maabara, basi hakuna anayejua mbwa wako anaumwa nini, kwa sababu uvimbe wa ufizi hautambuliki kwa macho, hata yawe macho ya daktari mzoefu.

Kwa maelezo yako, hasa hilo jino linalocheza na uvimbe kurudi palepale, ninaufikiria kwanza uvimbe uitwao ameloblastoma, ambao hausambai kwenda viungo vingine lakini hula mfupa wa taya. Ukikatwa usawa wa ufizi, sehemu iliyojichimbia mfupani hubaki na kuota upya. Dawa yake ni upasuaji unaoondoa uvimbe pamoja na meno husika na kipande cha taya, kwa kawaida sentimita moja ya mfupa usio na ugonjwa kuuzunguka. Wenye mbwa huogopa wakisikia hivyo, lakini mbwa wengi hurudi kula vizuri baada ya kupona. Hata hivyo melanoma, yaani saratani ya chembe zinazotoa rangi ya ngozi, na saratani nyingine za kinywa nazo hulegeza meno, na melanoma si lazima iwe nyeusi kama wengi wanavyodhani. Hiyo husambaa kwenye tezi na mapafu, hivyo mpango wake ni tofauti kabisa. Vipele vya virusi, ambavyo hupotea vyenyewe, huwapata zaidi mbwa wadogo. Kwa umri wa mbwa wako nisingevitegemea.

Diklofenaki usimpe, wala ibuprofeni wala parasetamoli ya nyumbani. Mbili za kwanza huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo, na ya tatu huumiza ini. Ipo dawa ya maumivu inayowafaa mbwa, meloksikamu, lakini ipimwe na daktari kwa uzito wa mbwa na baada ya kujua kwamba figo zake ni nzima. Magadi kwenye kidonda kinachovuja damu ni kumtesa tu.

Mfugaji wa Kongwa

Ninaongeza jambo moja ambalo huku kwetu vijijini halipaswi kusahauliwa. Jike langu lilikuwa na uvimbe wa kinywani unaovuja damu, tukadhani ni ufizi, kumbe ulikuwa ule uvimbe unaoambukizwa mbwa wanapopandana, ambao huhamia puani au kinywani kwa kunusana na kulambana. Daktari alichukua chembechembe kwa sindano, akazitazama kwa darubini, kisha akamdunga dawa ya saratani iitwayo vinkristini mshipani mara moja kwa wiki hadi uvimbe ukaisha bila kisu. Je, mbwa wako huzurura?

Mkazi wa Nkuhungu

Ninawashukuru. Huwa anatoka usiku geti likiachwa wazi, kwa hiyo siwezi kukataa hilo. Vipande vilitupwa mara zote mbili. Je, ni lazima nimsafirishe mbwa hadi Morogoro?

Daktari wa mifugo, Morogoro

Kwa hatua ya kwanza, hapana. Daktari wa hapo Dodoma ampe dawa ya usingizi, achukue kwanza chembechembe za darubini kama alivyosema ndugu wa Kongwa, kisha akate kipande kinachofika ndani, si ngozi ya juu pekee. Kipande kisizidi unene wa sentimita moja, kiwekwe kwenye chupa yenye mdomo mpana na fomalini (maji ya dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili) ya asilimia 10, ujazo wa fomalini ukiwa mara kumi ya kipande, na kisigandishwe kwenye friji. Chupa ifungwe vizuri, iandikwe umri, sehemu ya taya na kwamba uvimbe umerudi mara mbili, kisha itumwe maabara. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine inaweza kukuelekeza. Akiwa bado amelala, tezi za chini ya taya zipapaswe na taya ipigwe picha ya eksirei kama mashine ipo. Mbwa mwenyewe atasafiri baadaye, ikiwa majibu yatadai upasuaji wa taya.

Kwa sasa mpe ugali laini uliolowekwa kwenye mchuzi wa dagaa usio na chumvi, uwe vuguvugu, na mifupa iondolewe. Kama hana chanjo ya kichaa cha mbwa, usimfungue kinywa kwa mkono mtupu, maana kudondosha mate na kushindwa kula ni dalili za ugonjwa huo pia. Mweleze daktari kabla hajamshika.