Mrejesho: mashine kuganda nikizima kiini cha prosesa

Wakuu, niliuliza kwa nini Linux inaganda kila nikiandika 0 kwenye /sys/devices/system/cpu/cpu3/online (faili la kuzima na kuwasha kiini namba 3). Nimempata mchawi, na mchawi ni mimi mwenyewe.

Aliyeniambia niwashe lockdep (kikaguzi cha kufuli ndani ya Linux), Mungu akubariki. Ilinionyesha kufuli mbili zinazokamatwa kwa mpangilio uliopishana. Draiva yangu ilikuwa inakamata mutex yake (kufuli ya kushikwa na mmoja tu kwa wakati) kwanza, halafu inaita cpus_read_lock() (kufuli ya usomaji, inayozuia viini visizimwe wala kuwashwa). Kumbe kiini kinapozimwa, kerneli (moyo wa Linux) inakuwa tayari imeshika kufuli hiyo ya viini kwa upande wa uandishi, ndipo inaita fanksheni niliyosajili kwa cpuhp_setup_state() ili iitwe kiini kikizimwa, nayo inataka mutex ileile. Kila upande unamngoja mwenzake, hakuna anayeachia. Ndiyo maana wakati mwingine ilipita salama: inaganda pale tu pande hizo mbili zikikutana, basi.

Nimegeuza mpangilio: cpus_read_lock() kwanza, mutex baadaye, kila mahali. (Niliwahi kujaribu kuongeza msleep, yaani kuilaza draiva kidogo. Msinicheke.) Nimezima na kuwasha kiini usiku kucha kwa skripti huku draiva ikiwa na kazi nzito, haijaganda.

Limebaki onyo la smp_processor_id() (fanksheni ya kuuliza uko kwenye kiini kipi), ila hilo ni jambo lingine, nitalifungulia swali lake.